Gauni la Kitambaa cha Nepi

Kitambaa kilikaa chini kabisa ya kabati, ndani ya foronya, tangu siku Migdalia alipotoka hospitali ya uzazi mikono mitupu. Pale Havana mjamzito hupewa mgawo wake kabla ya kujifungua: kitambaa cheupe cha nepi, chandarua kidogo, sabuni, marashi ya mtoto. Wengine huuza, wengine hushona blauzi. Migdalia hakuuza wala hakushona. Mumewe Ubaldo hakuuliza, naye hakusema, na miaka ikapita hivyo hivyo, foronya ikihamishwa tu kila walipopiga dawa ya mende.

Mwaka ambao binti yao angetimiza kumi na mitano, redio ikatangaza kwamba nchi itakuwa na Wiki ya Mitindo, ya kwanza. Kila fundi wa viwanda vya nguo vya serikali aliruhusiwa kuleta gauni moja. Kitambaa ajitafutie.

"Tumieni ubunifu," meneja aliwaambia Migdalia na wenzake pale kiwandani, katikati ya marundo ya sare za shule.

"Ubunifu unatolewa duka gani, ndugu meneja?" akauliza Xiomara, wa cherehani ya jirani. "Tuwahi foleni."

Wote wakacheka. Migdalia hakucheka. Alikuwa ameshajua kitambaa kiko wapi.

Alishona gauni kama lile wanalovaa wasichana wa huko katika sherehe ya kutimiza miaka kumi na mitano: kiuno chembamba, sketi pana, na chandarua kikawa mtandio wa mabegani. Vipimo hakuwa navyo. Aliwasha mshumaa mbele ya picha ya Bikira Maria wa Cobre, msimamizi wa nchi yao, akasali, kisha akashika mkasi. Mabega alikata kama yake mwenyewe alipokuwa msichana. Urefu akauongeza, maana Ubaldo ni mrefu.

Hakutaka tuzo. Alitaka kuliona gauni hilo likitembea, mara moja tu.

Siku ya ukaguzi, ndugu Nereida, mama wa makamo aliyetumwa na waandaaji, alishika pindo kwa vidole viwili.

"Dada, hiki kitambaa nakijua. Hiki ni cha watoto."

"Ndiyo."

"Umekinunua kwa nani? Kwa wajawazito, pale mlangoni mwa zahanati? Sema tu, mimi si polisi."

"Sikununua. Ni mgawo wa binti yangu."

"Ana umri gani huyo binti?"

Angeweza kusema ukweli pale pale. Lakini hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo, na yeye kila mwaka alikuwa na jibu lake tayari.

"Mwezi huu anatimiza kumi na mitano."

Uso wa Nereida ukachangamka. "Na umekitunza muda wote huo? Sasa hiki ndicho tunachotafuta. Mlete alivae mwenyewe. Kitambaa alichopewa na taifa akiwa mchanga, leo amekivaa akiwa mwali. Watu wa televisheni watafurahi. Anaitwa nani?"

"Caridad," akasema Migdalia. Ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kutoka nje ya sala zake.

Nyumbani alimkuta Ubaldo mezani akichambua mchele.

"Nimewaambia anakuja kulivaa."

"Nani?"

"Caridad."

Vidole vya Ubaldo vilisimama juu ya mchele. Alilitazama gauni lililokuwa mkononi mwa mkewe, akaitazama foronya tupu kitandani.

"Tulimwita Caridad?"

"Mimi nilimwita."

Ubaldo aliokota kijiwe, akakiweka pembeni.

"Jina zuri," akasema. "Kawaambie ukweli, mama. Usiache mtoto asubiriwe bure na watu."

Siku ya maonyesho, Nereida alikuwa kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi, kapaka rangi ya mdomo, kashika maua.

"Yuko wapi mwali wetu?"

"Hatakuja."

Nereida akamvuta pembeni na kushusha sauti. "Ameondoka? Kaenda Miami? Usiogope, dada. Nani hana wa kwake huko?"

"Hajaenda popote. Alizaliwa hapumui. Kitambaa hakijawahi kutumika."

Maua yakashuka mpaka usawa wa goti. "Mbona hukuniambia siku ile?"

"Uliniuliza umri."

Ndani muziki ulikuwa umeanza. Nereida alifuta macho kwa kiganja, akaharibu wanja.

"Wakubwa wakijua, watalitoa hilo gauni. Hawataki huzuni leo. Nitamwambia mtangazaji aseme ni gauni jeupe la pamba, basi. Litapita."

"Na jina?"

"Bila jina, dada. Hapo ndipo mwisho wa uwezo wangu."

Migdalia aliitikia kwa kichwa.

Walimvalisha msichana wa shule ya dansi. Gauni lilimzidi, wakalikunja pindo na kulibana kwa pini. Kutoka nyuma ya pazia Migdalia aliona mgongo tu, na chandarua kikipepea mabegani, kikienda kwenye mwanga. Alianza Salamu Maria, akakwama katikati. Watu walipiga makofi kama walivyoyapigia magauni mengine. Msichana alifika mwisho wa jukwaa, akageuka, na ilipoonekana sura, ilikuwa sura ya mtoto wa watu wengine.

Alirudi mbio, akalivua na kulitupa kitini. Gauni jingine lilikuwa likimsubiri.

"Refu hili, shangazi," alisema huku akivaa lile jingine. "Ulimpimia nani?"

"Binti yangu."

"Basi huyo ni twiga."

"Kamfuata baba yake," akasema Migdalia, akainama kulitoa gauni pini.