Acha Kwanza Amalize Bango

"Vuta upande wako, omera, ndugu yangu. Si hivyo! Unavuta kama mtu anayekokota ng'ombe. Polepole."

Bethuel akalegeza mikono, akavuta tena. Kitambaa cheusi kilienea sebule nzima, kikapanda juu ya kochi na kushukia kwenye zulia. Kewal Singh, miwani imemshuka puani, akaingiza herufi nyeupe chini ya sindano na kukanyaga cherehani. Herufi zote alikuwa amezikata mwenyewe kutoka kwenye shuka za nyumba yake. Mstari wa kwanza, uliodai haki sawa, ulikuwa tayari. Ulibaki wa pili, wenye jina la Rhodesia.

Maandamano yalikuwa Jumamosi. Rhodesia kwa jina ilikuwa bado koloni la Uingereza, lakini walowezi wachache walikuwa wamejitwalia serikali, na kura ya Mwafrika haikuwa sawa na ya Mzungu. Bethuel hakuwahi kufika huko. Alizaliwa Maseno, karibu na Kisumu, akaja Birmingham kujifunza uuguzi, na mengine aliyoyajua aliyasoma mwenyewe baada ya zamu. Kwa mwaka mzima alikuwa amezunguka na kamati ndogo ya Wakenya na wanafunzi wa vyuo vya Selly Oak, akisema katika kumbi za makanisa kwamba mtu aliyekwisha kuwa huru hana ruhusa ya kukaa kimya. Watu walimpenda kwa sababu hakupaza sauti.

Kewal hakuwa mwanakamati. Alikuwa fundi wa nguo Kisumu, Kalasinga aliyezaliwa pale pale. Huku Alum Rock, mtaa wa Birmingham, mchana alikuwa mtu wa kiwandani na jioni mtu wa cherehani. Alipoombwa kushona bango alikubali papo hapo, akataka jambo moja tu: siku ya maandamano apewe nafasi jukwaani, aeleze habari za mdogo wake, Amarjit.

Amarjit alikuwa amekwama Kisumu. Kwa kuwa alishika pasipoti ya Uingereza, Kenya ilimhesabu mgeni na kumnyima leseni ya duka. Uingereza nayo, kwa sheria iliyopitishwa mwaka juzi, haikumruhusu kuingia mpaka zamu yake ya kibali ifike, na hakuna aliyejua itafika lini.

Jana kamati ilikuwa imekutana, ikakataa. Kumzungumzia Amarjit kungekuwa kusema mbele ya Waingereza kwamba Kenya nayo inawafungia watu milango. Bethuel aliulizwa maoni yake kwa sababu yeye ndiye aliyemjua Kewal. Alisema kwa ile sauti yake ya upole, "Tusichanganye mambo." Maneno mawili tu, na shauri likaisha.

Leo alikuja kumpa Kewal habari hiyo. Lakini alipoingia alimkuta amekwisha kuketi kwenye cherehani, akajisemea: acha kwanza amalize bango. Akaiita busara.

Narinder, mke wa Kewal, akaleta chai. "Kunywa, shemeji. Hii imechemka na maziwa na tangawizi. Si yale maji ya kusuuzia vikombe wanayowapa hospitalini."

"Asante. Wakijua nakunywa hii watanifukuza kazi."

"Wakikufukuza, nitakufundisha kupiga pasi," Kewal alisema. "Kuvuta kitambaa kumekushinda." Akainua mguu kutoka kwenye cherehani. "Hebu nisaidie, wewe umezoea kuhutubia. Jumamosi nianze na duka, au nianze na jina lake?"

Chai ilikuwa ya moto. Bethuel aliimeza hivyo hivyo.

"Anza na jina," alisema.

"Hata mimi niliona hivyo. Maduka ni mengi. Amarjit ni mmoja." Kewal akarudi kwenye kazi, midomo ikicheza, akijifunza hotuba yake.

Mlango ukabishwa. Aliingia Walter, mwenyekiti wa kamati, koti likiwa bado limefungwa vifungo.

"Fundi! Kumbe unaendelea? Wewe ni muungwana kweli. Baada ya yale ya jana nilidhani tutakuta umelikatakata bango."

"Yale gani?"

Walter akamtazama Bethuel. "Si umemwambia?"

Bethuel aliinamia kikombe chake. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Ni hivi, fundi," Walter alisema, akitafuta mahali pa kuweka macho. "Kamati imeonelea tubaki na Rhodesia tu. Mambo ya leseni ni ya nyumbani kwetu, hayaanikwi nje. Bethuel alilieleza vizuri kuliko mimi." Alisimama kidogo, akalisifu bango, akasema watu wa Kisumu wenyewe wataelewana, kisha akatoka.

Kewal akavua miwani.

"Ulijua tangu jana?"

"Ndiyo."

"Na sasa hivi nimekuuliza nianze na nini, ukanijibu."

"Nilikujibu."

"Ulikuwa ukingoja nini, Bwana Bethuel?"

Angeweza kusema aliogopa kumuumiza, na sehemu yake ingekuwa kweli. "Umalize," alisema.

Narinder aliweka sinia mezani. Kewal akacheka kidogo, bila furaha. "Wateja wa namna hiyo tulikuwa nao. Anakusifu mpaka kifungo cha mwisho. Akishavaa, hauoni tena mlango wako."

"Chukua nafasi yangu ya kuhutubia. Mimi nitanyamaza."

"Kunyamaza unakujua sana." Kewal alichomoa uzi kwenye sindano. "Sitaki unigawie huruma hapa sebuleni. Wewe una nchi, ukichoka na baridi utarudi. Mdogo wangu ana pasipoti isiyofungua mlango wowote. Ulilisema mbele ya watu, nenda ukalifute mbele ya hao hao."

"Watakataa."

"Wakatae wakikutazama."

Bethuel alitikisa kichwa kukubali. Halafu, kabla hajajizuia, akauliza, "Na bango?" Aliyasikia maneno yake mwenyewe, akatamani zulia limfunike.

Kewal hakukasirika, na hilo lilikuwa zito zaidi. Alielekeza kidole kwenye herufi zilizobaki, zimeshikizwa kwa pini tu. "Kesho nikitoka kiwandani nitakuwa hapa. Wewe njoo na Walter. Nataka nisikie ukimwambia. Usipokuja naye, usije."

Bethuel aliinama kukunja upande wake wa kitambaa, lakini Narinder alikuwa amekwisha kuushika.

"Acha, shemeji, pini zitakuchoma," alisema, akakiondoa kitambaa mikononi mwake.

Bethuel alivaa koti. Walter alikaa Stechford, mtaa wa jirani, na Bethuel angeweza kumkuta kabla hajaketi kula. Nyuma yake Kewal aliweka mkasi juu ya jina la Rhodesia lililobaki bila kushonwa, akaifunika cherehani.