Mgeni wa Kwanza wa Bibi Stamena

"Kitendawili," alisema Dunja kutoka kiti cha nyuma.

"Tega," akajibu baba yake bila kutoa macho barabarani.

"Shuka la bibi halina mshono. Jua likiwaka linakunjwa, wala hujui limewekwa kabati gani."

"Theluji," alisema Radiša. "Na leo ningeomba likunjwe mapema."

Mbele yao gari la kusukuma theluji lilikuwa linapanda mlima polepole, na gari lao kuukuu likalifuata kama ndama amfuatavyo mama yake. Lilikuwa limejaa kila kitu: machungwa, mabuti, nguo za sikukuu, mwanasesere wa Dunja, na mtungi wa samaki wa kukausha ambao hakuna aliyekumbuka kuutoa, nao ukatoa harufu tangu mjini kwao Pančevo. Verica, au Vera kwa watu wa nyumbani, mke wa Radiša, aliketi mbele, mikono kaificha mapajani. Hakuwa anasikia baridi. Alikuwa anaogopa.

Walitakiwa wafike jana kabla ya giza. Hilo ndilo lililokuwa linamkata maini. Jana ulikuwa mkesha wa Krismasi, ambapo mti mchanga wa mwaloni huingizwa ndani, majani makavu yakatandazwa sakafuni, na kokwa za jozi zikarushwa katika pembe nne za chumba. Aliyelala ndani usiku huo ni mtu wa nyumbani, asubuhi hana lawama, maadamu hajatoka nje akarudi. Lakini theluji ilifunga barabara, wakalala kwa watu wema huko bondeni, watatu kitanda kimoja. Sasa ilikuwa asubuhi ya Krismasi yenyewe. Na katika milima ile, mtu wa kwanza kuvuka kizingiti asubuhi ya Krismasi ndiye anayeingia na mwaka mzima mgongoni. Akiwa na mkono mzuri, ng'ombe wanazaa, plamu zinabeba, watu wanapona. Akiwa na mkono mbaya, basi tena. Ndiyo maana kila nyumba humchagua mapema mgeni wake wa kwanza, wa kuchochea moto na kuvishwa soksi mpya za zawadi, na nyumba ya Bibi Stamena, mama yake Radiša, ilikuwa na jirani Obrad, mwanamume mnene mwenye watoto wengi na meno yote.

Mwaka jana mgeni wa kwanza hakuwa Obrad. Alikuwa Verica.

Hakukusudia. Aliamka kabla ya wote, akaona jiko limejaa majivu, akasema moyoni ngoja nimsaidie mama mkwe. Msichana wa mjini angejuaje kwamba majivu ya Krismasi hayatolewi nje? Akayatoa, akayamwaga karibu na uzio, akarudi na ndoo tupu. Akaingia kwa mguu wa kushoto. Alipoinua uso, Bibi Stamena alikuwa amesimama katikati ya chumba na nguo ya kulalia, anajifanyia ishara ya msalaba. Hakusema neno. Obrad alikuja baadaye, akakuta nafasi yake imekwisha kuchukuliwa.

Kabla Januari haijaisha ng'ombe Rumenka alikufa. Bibi Stamena akienda zizini kumwona akateleza kwenye barafu, nyonga ikavunjika. Wakampeleka hospitali, na huko wakakuta moyo nao mbovu, wakamwekea kimashine kidogo chini ya ngozi. Verica alizihesabu balaa zote tatu, akaziweka juu ya kichwa chake mwenyewe. Simu ikilia siku ya Jumapili alimpa Dunja. Wakati wa kiangazi, mumewe na Dunja walipokwenda mlimani kuchuma plamu, alisema kazini hawampi ruhusa. Ruhusa alikuwa nayo.

"Mama, nikwambie kile bibi alichonitegea kwenye simu?" aliuliza Dunja.

"Niambie."

"Ninaye mgeni, nimemngoja mwaka mzima. Alikuja na mikono mitupu, akaniachia kitu kikubwa kuliko ng'ombe. Ni nani?"

"Na wewe ulijibu nini?"

"Nilisema mvua. Akasema hapana. Nikasema daktari. Akasema nimekaribia lakini nimepita njia nyingine. Akasema safari hii nikijua jibu asubuhi ya Krismasi, mji atanipa yeye."

"Ni Obrad," alisema Verica. "Nani mwingine anangojwa mwaka mzima?"

"Obrad hajawahi kuja na mikono mitupu," alisema Radiša. "Huwa na chupa."

Gari la theluji liligeuka, likawaacha. Kilichobaki ni njia nyembamba, moshi juu ya mapaa, na mbwa mmoja aliyebweka kwa ajili ya kutimiza wajibu. Radiša alizima gari karibu na uzio wa mama yake. Theluji ya uani ilikuwa nzima, haina alama ya mguu wa mtu. Verica aliitazama akajua. Obrad alikuwa hajaja.

Hakuwa mbali hata hivyo. Alikuwa ng'ambo ya uzio, kavaa kofia yake ya manyoya ya sikukuu, anajifanya kuchota theluji kwa koleo.

"Kristo amezaliwa, jirani," alisema Radiša.

"Kweli amezaliwa. Mmelala wapi, mbwa mwitu nyie? Mama yenu kawangojea mlangoni mpaka karibu aung'oe."

"Barabara ilifungwa. Mbona hujaingia? Tunakungoja wewe tupite."

Obrad akachomeka koleo kwenye theluji. "Mimi? Mimi nimefutwa kazi. Miaka yote hii nachochea moto wake, mwaka huu kaniambia Obrad, tulia kwako mpaka nikuite. Hata soksi zangu sijui kampa nani."

"Mmegombana?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nachota theluji tu hapa. Siangalii."

Alikuwa anaangalia, shingo imemtoka kama ya bata.

Verica alimshika mumewe mkono. "Baba Dunja, ingia wewe. Mguu wa kulia. Usisahau, wa kulia. Mimi nitakaa garini na mtoto mpaka mambo yaishe."

"Utaganda, Vera."

"Nigande. Sitavuka pale wa kwanza tena. Umenisikia? Yule mwanamke amebaki na nyonga moja na moyo wa betri. Safari hii nitammalizia nini?"

Radiša alimwangalia kama mtu aliyefungua kabati lake mwenyewe akakuta nguo asizozijua. "Mwaka mzima ulikuwa unawaza hivyo?"

"Nenda bwana, mtoto ana baridi."

Akaenda, akizama hadi magotini. Verica alibaki kando ya gari, kamfunika Dunja kwa koti lake. Alimwona mumewe akigonga, na sauti ya Bibi Stamena ikatoka ndani, nyembamba lakini haina mzaha.

"Nani huyo?"

"Mimi, mama. Radiša."

"Simama hapo hapo. Usiguse kitasa. Uko na nani?"

"Na Vera na Dunja."

"Vera yuko wapi?"

"Kwenye gari. Anasema wewe—"

"Sikuulizi anasemaje. Mlete. Na wewe ondoka mlangoni, una mguu mkubwa utaniingilia kwa bahati mbaya."

Verica alisikia yote. Alijiambia basi ndiyo hii, ataambiwa leo, mbele ya mume na mtoto, na Obrad juu ya uzio, ili shauri liishe. Pengine ni heri. Kuambiwa mara moja si kama kujiambia kila siku. Akamshika Dunja, wakazifuata nyayo za Radiša.

Mlango ulifunguliwa upana wa kiganja. Bibi Stamena alikuwa ameegemea fimbo, kajifunga kitambaa kipya, shavu moja lina unga. Alikuwa amepungua. Nyuma yake jiko lilikuwa linawaka, na harufu ya mkate na nguruwe wa kuchoma ikawapiga usoni.

"Kristo amezaliwa, mama," alisema Verica, macho chini.

"Kweli amezaliwa. Una kitu mkononi?"

"Sina. Machungwa yako kwenye gari, nikachukue?"

"Yaache huko huko. Mwaka jana ulikuja na nini?"

Verica akameza mate. "Na ndoo tupu, mama."

"Basi." Bibi kizee akainama kwa shida, akaokota ndoo nyuma ya mlango, ile ile ya bati yenye sikio lililopinda, akafungua mlango zaidi, akaipitisha nje. "Shika. Ingia kama ulivyoingia."

"Mama, usinifanyie hivi."

"Nakufanyia nini? Radiša, mkeo ana nini?"

"Anadhani ndiye aliyeua ng'ombe," alisema Radiša. "Na nyonga. Na moyo. Nimejua sasa hivi kwenye gari."

Bibi Stamena akawatazama mmoja mmoja. Kisha akacheka kicheko kidogo cha puani.

"Rumenka alikuwa mzee kuliko kuhani wetu. Alikufa kwa kuchoka kuniona. Sikiliza, mwanangu. Kama asingekufa, nisingekwenda zizini. Nisingekwenda, nisingeanguka. Nisingeanguka, nani angenifikisha hospitali? Unanijua, mimi hata jino nang'oa kwa uzi. Yule daktari, kijana mwenye ndevu kama mbuzi, akaniambia bibi, huo moyo ulikuwa unakwenda mpaka kupukutika kwa majani, hapo basi. Sasa mimi niko hapa, plamu zimeshakauka, nimeoka mkate. Nani aliniletea mwaka huo? Obrad?"

"Nimesikia," alisema Obrad kutoka uzioni.

"Lakini ulijifanyia ishara ya msalaba," alisema Verica. "Ulinitazama ukanyamaza."

"Niliogopa. Nani asiyeogopa akiona majivu yanatoka? Nikataka kukupigia baadaye nikwambie, kila Jumapili napewa mtoto. Nikasema mkwe wangu kaudhika kwa ule msalaba, hataki hata sauti yangu. Kiangazi hukuja. Nikamwaga machozi juu ya plamu zako, ndiyo maana jamu ya mwaka huu ina chumvi."

Dunja, aliyekuwa anaruka mguu huu na ule kwa baridi, akaacha kuruka.

"Bibi, nimejua. Mgeni ni mama."

"Ulitaka mji?"

"Nipe mji."

"Nimekupa huu hapa, wote na joto lake, kama mama yako atatuondoa mlangoni kabla moto haujazimika."

Verica alichukua ndoo. Kwa muda mfupi hakukumbuka mwaka jana alitanguliza mguu gani, kisha akakumbuka, akacheka huku anafuta pua, akaweka wa kushoto juu ya kizingiti, akavuka. Konzi nzima ya ngano ya baraka ikammwagikia kichwani kutoka mkononi mwa mama mkwe. Bibi Stamena akambusu mara tatu, akamvuta hadi jikoni, akampa ufito wa mwaloni.

"Chochea. Cheche zikiruka useme."

"Sijui maneno yake, mama."

"Obrad naye hayajui, kila mwaka anabuni."

Akachochea. Cheche zikaruka. Verica akasema kwa sauti ndogo: ziwe nyingi kama hizi siku za mama, na nguvu za miguu yake, na safari zetu za kuja hapa, na simu za Jumapili. Hakuna aliyemsahihisha. Kisha, kama desturi inavyotaka ili maziwa yawe na malai mazito, mama mkwe akamtupia blanketi zito la sufu, likamfunika kichwa na yote.

"Huna ng'ombe, mama," alisema Radiša, ambaye sasa aliruhusiwa kuingia. "Malai ya nini?"

"Nimenunua mbuzi. Funga mlango."

Ndani ya blanketi kulikuwa na giza, joto, na harufu ya kondoo. Verica akakaa juu ya majani makavu sakafuni, akangoja mtu amwambie atoke. Usingizi alioukosa bondeni, kitanda kimoja na magoti ya Dunja mgongoni, ukamjia wote kwa mpigo.

Obrad alipoitwa hatimaye, akaingia na chupa yake na hasira zake, alikuta blanketi linakoroma.

"Ndiye huyo aliyechukua kazi yangu?"

"Shusha sauti," alisema Bibi Stamena.

"Na soksi?"

"Soksi zake nimeshamvisha. Wewe keti, ule. Dunja, mtegee mzee kitendawili, asilie."