Nguzo Iliyokuja Matangani

Serikali haina macho, ina miwani tu. Nguzo ya umeme ilisimama katikati ya uwanja wa mnoa visu, nene kama kiuno cha mpishi wa hoteli, na kila mkubwa aliyeletwa kuitazama aliizunguka, akaigongagonga kwa kidole kama anapima tikiti maji, kisha akaondoka akisema suala hilo litaangaliwa.

Mnoa visu huyo mtaa ulimwita Makali, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Alikuwa amefiwa na mke. Na nguzo yenyewe iliingia kwake siku ya matanga.

Ilikuwa hivi. Wanawake wamejaa ndani wanalia, wanaume wako nje wanatafuta pa kufunga turubai. Mara wakaingia watu wenye sururu na koleo, wakaanza kuchimba. Nani atamuuliza mtu matangani amekuja kufanya nini? Msiba hauna kadi ya mwaliko. Watu wakadhani ni upande wa marehemu hao, wameleta nguvu. Fundi baiskeli wa jirani akapokea koleo, muuza mkaa akapokea sururu, wakachimba kwa jasho na kwa huruma. Gogo refu lilipoanza kushushwa kwenye lori ndipo fundi baiskeli akauliza, "Jamani, turubai lenyewe la ghorofa?"

Kumbe ni watu wa shirika la umeme. Wakasimika, wakafunga waya, wakanawa mikono, wakala chakula cha msiba, wakasema poleni sana, wakaenda zao. Makali wakati huo alikuwa ndani ameegemea ukuta. Wangejenga hata kiwanda asingekiona.

Angeivumilia nguzo, kama alivyovumilia mengi ya wakubwa. Lakini mkewe, kabla ya kukata roho, alimshika mkono akamwambia, "Usimwache mama." Mama huyo, mkwewe Makali, alikuwa anakaa kwa mwanawe wa kiume, analazwa kwenye ujia wa kwenda jikoni, na wajukuu wanamruka kama kizingiti. Nyumba ya Makali ilikuwa na chumba kimoja. Mtu na mkwewe hawalali chumba kimoja, hata kichaa analijua hilo. Ilibidi aongeze chumba, na pa kukiongeza ni pale pale uwanjani, ambapo sheria inasema hapajengwi kitu, kwa kuwa juu kuna waya.

Basi akaenda shirika. Mkubwa wa nguzo alikuwa bwana mnene aliyekaa chini ya feni siku nzima, meza tupu, akihesabu panga za feni zikizunguka. Watu walimwita Bwana Feni, na yeye alidhani ni heshima.

"Mzee, siku nguzo inasimikwa ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulipinga?"

"Nilikuwa nazika mke wangu, bwana."

"Kwa hiyo hukupinga."

"Wewe ukifiwa, bwana, unatoka nje kukagua mashimo?"

"Tusiletane huko, mzee wangu. Mafundi wanasema wananchi walishiriki kuchimba kwa hiari yao."

"Walidhani wanafunga turubai!"

"Hiari ni hiari." Bwana Feni akapiga mwayo mpaka jino la mwisho likaonekana. "Nenda, tutakuita."

Hawakumwita. Nani amwite? Mtu aliyeshiba hasikii mlango ukigongwa. Makali alirudi, akarudi tena, akaambiwa mkubwa yuko kwenye kikao, mkubwa yuko semina, mkubwa ametoka kidogo. Alikuwa anamwona dirishani ametoka kidogo, yuko chini ya feni yake.

Asubuhi moja Makali akaisukuma mashine yake ya kunolea, ile ya kukanyaga kwa mguu, akaiegesha kando ya barabara chini ya dirisha lile. Akachukua panga lenye kutu, akalilaza juu ya jiwe, akakanyaga. Anayejua sauti ya chuma kibovu juu ya jiwe kavu anajua kwamba haipiti masikioni, inapita kwenye meno. Kwa kawaida mnoa visu hulowesha jiwe kwa maji. Siku hiyo Makali aliyasahau maji nyumbani, na siku zilizofuata pia.

Mlinzi akatoka mbio. "We mzee! Hapa ofisini!"

"Na kule kwangu nyumbani. Nguzo yenu iko kwangu, jiwe langu liko kwenu. Nimekuudhi wapi?"

"Mkubwa anashindwa kufanya kazi!"

"Kazi gani? Niambie, na mimi nijue."

Wapishi wa mtaa ule wakafurahi, wakaleta visu. Wauza nyama wakaleta mapanga. Bwana Feni akafunga dirisha, joto likamchemsha. Akalifungua, meno yakamuuma. Mwishowe alitokeza kichwa akapiga kelele, "Jamani, kaihamisheni hiyo nguzo ya huyu mzee!"

Mafundi wakaja. Safari hii majirani hawakushika koleo. Walisimama kwenye uzio wamenuna, maana umeme wao ulipita pale.

"Makali, leo utatulaza gizani?" akalalamika muuza mkaa.

"Si ulichimba kwa mapenzi? Lala."

Mafundi wakang'oa nguzo, wakachimba, wakasimika, wakaanza kukusanya vifaa. Makali akatazama, akadhani wanapumzika. Nguzo ilikuwa imehama kweli. Imetoka katikati ya uwanja imekuja mbele ya mlango wake, ukitoka bila kuangalia unaibusu, na waya bado umepita juu ya uwanja.

"Mbona hapa?"

"Waya haufiki kwingine, mzee," akasema msimamizi wao. "Waya wa kuongeza ni idara ya waya."

"Na nyie ni nani?"

"Sisi ni idara ya mashimo."

"Na mliambiwa nini?"

"Ihamishwe. Imehamishwa."

Makali akawatazama mmoja mmoja, watu wazima wenye wake na watoto, wamevaa kofia ngumu kukinga vichwa ambavyo hakuna aliyewahi kuvitumia. Aliingia ndani, akatoa mkeka wake, blanketi na sufuria moja. Akaegemeza mabati mawili kwenye ukuta wa nyuma, kwenye upenyo ambao hata kuku angegeuka kwa shida, akatandika humo.

Kesho yake akamleta mama. Bibi kizee aliingia na kifurushi chake, akapitisha mkono kwenye kitanda, kwenye dirisha, kwenye mlango wenye komeo.

"Na wewe baba unalala wapi?"

"Nyuma huko, mama. Pana hewa."

Usiku ule bibi alikomea mlango, akaufungua, akaukomea tena, kama mtu anayeonja kitu kitamu.

Wiki haikupita, gari la shirika likasimama. Akashuka Bwana Feni mwenyewe, shati linamlowa, na nyuma yake mpiga picha.

"Mzee wetu! Tunakuweka kwenye kalenda ya shirika. Mteja aliyesikilizwa. Simama hapo kwenye nguzo, ucheke kidogo."

Makali hakuinuka. Sauti ikatoka chumbani.

"Baba, wageni hao wanataka nini?"

Makali akageuza uso pembeni, kwa adabu ya mkwe. "Wanataka nicheke, mama."

"Basi cheka upesi, baba," akasema bibi, "kabla nao hawajaota mizizi hapo."

Ndipo Makali akacheka. Alicheka akiwa ameshika mbavu, akacheka akimtazama Bwana Feni usoni, hadi fundi baiskeli akachungulia juu ya uzio na yeye akaanza. Mpiga picha aliinua kamera, akaishusha, akamtazama mkubwa wake. Kicheko kile hakikufaa kuwekwa kwenye kalenda.