Kiganja Chekundu Begani

Baba Awiti aliingia darasani bila kubisha hodi, shati jeupe likining'inia mkononi mwake kama kuku aliyechinjwa. Begani palikuwa na alama ya kiganja kidogo, nyekundu kama damu.

"Mwalimu Pélagie, jana mtoto wangu alinikumbatia, akaniachia doa la njano. Nikasema, hiki ni kitu kidogo. Nimelisugua kwa sabuni, ona! Jioni nitawapelekea wateja chakula mkahawani Kabalagala hivi? Watadhani nimeua mtu!"

Watoto wakaangua kicheko. Nyuma yake alisimama Hajati Zulaikha, mwenye shule, ambaye tangu mwanzo hakuyapenda masomo ya kupakana rangi.

"Mwalimu," alisema taratibu, "mzazi asiporidhika leo, rangi zote zinaingia kabatini."

Pélagie alikuwa mtu wa haya. Kwenye mikutano ya wazazi sauti yake haikuvuka meza ya mbele. Lakini doa lile alilijua. Jana watoto walipaka karatasi maji ya manjano, kile kiungo cha mchuzi, kisha wakachora juu yake kwa vidole vyenye maji ya sabuni, maua mekundu yakachomoza.

"Kutowanawisha vizuri ni kosa langu, Baba Awiti. Awiti, mwambie baba kilichotokea."

"Manjano ikiguswa na sabuni inakasirika!"

"Na nani huituliza?"

"Ndimu!" darasa zima likapaza sauti.

Pélagie alimkabidhi baba mtu nusu ya ndimu. "Kamua mwenyewe."

Akakamua. Wekundu ukakimbia mbele ya macho yake, njano ikarudi.

"Wee! Uchawi gani huu?"

"Si uchawi, baba," Awiti alimkanya. "Ni sayansi."

"Sawa, daktari. Lakini doa bado lipo."

"Jua litalimaliza," Pélagie alisema, na sauti yake ikafika mlangoni. "Tulisuuze, tulianike pale kwenye bembea."

Baba Awiti alirudi kumchukua mtoto alasiri. Doa lilikuwa limebaki kivuli tu, tena pale pale anapoweka kitambaa chake cha kazi. Alilivaa shati huku Hajati akimtazama.

"Unasemaje, Bwana Owuor?" alimuuliza.

"Kabati liache, Hajati. Rangi zibaki nje."

Awiti akamkimbilia, mikono imenyooshwa. Baba yake akaruka nyuma.

"Simama hapo! Kwanza nionyeshe viganja!"