Safari Isiyo na Msiba

Mwaka wa tisini na tatu mama yetu alituambia kwamba likizo ya Juni tutakwenda matembezi baharini. Alisema hivyo huku akigeuza vitumbua, wala hakututazama.

"Nani kafa?" nikamwuliza.

Sikuwa na nia mbaya. Kwetu mtu alisafiri kwa sababu kuna aliyekufa, anayeumwa au anayeoa. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na safari zote nilizozikumbuka ziliishia makaburini: Nyamwage kwa bibi, Ikwiriri kwa ami, kisha Nyamwage tena.

"Hajafa mtu," mama akasema. "Ndiyo maana tunakwenda sasa."

Jina lake Mwanaharusi. Alikuwa Mmatumbi wa vilimani, akaolewa Kibiti akiwa hajanizidi sana umri niliokuwa nao siku ile. Bahari haikuwa mbali na kwetu, lakini hakuwahi kuiona. Baba, Mfaume, ni mtu wa bondeni, kakulia mtoni. Alikuwa mtunza ghala wa shirika moja la umma mpaka mwaka uliotangulia, walipoanza kupunguza watu. Akarudi nyumbani na barua mfukoni. Tangu siku ile alishinda barazani na redio yake, akisikiliza taarifa ya habari kama mtu anayengoja jina lake lisomwe. Mimi na mdogo wangu Dulla tukajifunza kupita mbele yake kwa kunyata.

Tuliishi kwa vitumbua alivyouza mama pale stendi. Ziada ya kuchezea haikuwapo, na jirani yetu Bi Tabu hakuchoka kumkumbusha.

"Mwenzangu, wanaokwenda matembezi ni Wazungu. Wewe bati lako linavuja."

"Litavuja tukiwa hatupo," mama akamjibu.

Njia ya kwenda aliipata kwa Sadala. Huyu alikuwa mmoja wa wafanyabiashara waliozuka siku zile biashara ilipofunguliwa. Kila Alhamisi pikapu yake ilipita Kibiti na barafu kutoka Dar es Salaam, ikashuka Nyamisati, na kutoka hapo boti lake likaingia delta kununua kambamiti kwa wavuvi. Chai yake aliinywa kwa mama. Mama akamwambia: tuchukue watu wanne mpaka Maparoni, huko ndani ya delta, na kuturudisha, mimi nitakupikia wewe na mabaharia wako siku zote tatu, na wanangu watachambua kamba. Sadala akacheka, akidhani ni mzaha. Wiki ya pili mama akamwambia tena. Wiki ya tatu akakubali, nadhani kwa kuchoka.

Akabaki baba.

"Nikakae juu ya barafu ya mtu, wanangu wawe vibarua?"

"Basi kaa barazani. Sisi Alhamisi tunaondoka."

Alhamisi alfajiri pikapu ilipopiga honi, baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda. Alivaa viatu vyake vya ofisini.

Mimi boti nilikuwa nimeliona kwenye kalenda: jeupe, lina viti na kivuli. Boti la Sadala lilikuwa na injini inayokohoa, masanduku ya barafu, na harufu iliyokupokea kabla hujalifikia. "Hii noma," Dulla akasema. Na pale Nyamisati, nani nimwone kama si Zuena, tuliyesoma naye darasa moja! Alikuwa na wazazi wake, wanangoja chombo cha Mafia, gauni jipya, soksi nyeupe.

"Muzdalifa! Mnakwenda wapi?"

Nikatazama ndoo za mama, masufuria, na baba aliyekwisha kukaa juu ya sanduku.

"Msibani," nikasema.

Mama alikuwa nyuma yangu. Alinisikia, akapita na sufuria yake kama hakusikia.

Tuliondoka maji yakiwa yameanza kupwa. Nahodha akakata njia kwenye kijito chembamba ili awahi, mikoko ikatubana huku na huku, na kabla hatujafika mbali boti likakaa kwenye tope. Wakasukuma kwa pondo, halikutikisika. Maji yakazidi kuondoka mpaka tukawa tumekaa katikati ya matope meusi, kaa wadogo wakituchungulia kutoka kwenye mashimo yao.

"Mpaka alasiri," nahodha akasema, akajifunika kofia usoni.

Jua likapanda. Mbu wa mikokoni hawangoji usiku. Dulla akatapika kwa harufu, nami nikalia kimyakimya nikijifanya nafuta jasho. Mama aliwasha jiko la mkaa, akainjika wali.

Ukapita mtumbwi mwembamba kwenye utepe wa maji uliobaki, watu wawili wanarudi Nyamisati. Wakatuuliza kama kuna abiria wa kurudi, maana mtumbwi una nafasi. Baba akasimama.

"Twende, Mwanaharusi. Tumejaribu."

Mimi nilikuwa nimeshakamata mfuko. Dulla mguu mmoja uko nje.

"Wali haujaiva," mama akasema.

"Mwanaharusi!"

Akafunika sufuria, akanyoosha mgongo, akamtazama baba. Hakupandisha sauti.

"Mara ya kwanza ulirudishwa nyumbani, Mfaume, hukuwa na la kufanya. Leo hakuna anayekurudisha. Ukirudi, umejirudisha mwenyewe."

Hata nahodha aliondoa kofia usoni. Nilidhani baba atampiga, ingawa hakuwahi kumpiga. Wale wa mtumbwi wakaona aibu, wakapiga kafi, wakaenda zao. Kisha baba akainama, akavua viatu vya ofisini, akavipanga vizuri pembeni, akakunja suruali na kushuka. Tope lilimfika magotini. Akaanza kuchimba kwa koleo la kuzolea barafu mbele ya boti, akifungua njia ya maji. Sadala akamtazama, kisha naye akashuka.

Mama akanigeukia.

"Yule mwenzako umemwambia tunakwenda msibani. Kafa nani?"

"Niliona haya, mama."

"Haya ya nini?"

"Ya kunuka kamba."

"Kamba wenyewe hata hatujawanunua," akasema, na nikaona anazuia kicheko. "Shuka ukasukume. Unuke na tope."

Nikashuka. Dulla akashuka. Tope lilikuwa la baridi, na lilinyonya miguu kana kwamba lina njaa. Tulichimba, tukala wali na samaki mkavu tukiwa tumesimama, tukachimba tena. Adhuhuri ilipopita maji yakarudi taratibu kwenye mfereji tuliouchimba, na boti likainuka kabla ya saa aliyoitaja nahodha. Dulla alipiga kelele mpaka ndege wakaruka.

Tulilala Maparoni kwa Bi Zamda, aliyekuwa akimkusanyia Sadala kamba kwa wavuvi. Asubuhi tulichambua kamba tangu jua kuchomoza, wakubwa huku, wadogo kule, vidole vikichomwa na miiba yao. Baba hakuwa kibarua wala mgeni. Alipanga masanduku ya barafu vile alivyopanga ghala, na mabaharia wakaanza kumwuliza kipi kiende wapi. Adhuhuri kazi ikaisha. Bi Zamda akatuazima mtumbwi wake, na baba akatupeleka kwa kafi mpaka mikoko ilipokoma, kwenye fungu la mchanga mdomoni mwa delta.

Mama alishuka, akasimama.

"Kumbe haina ng'ambo," akasema.

Akajifunga kanga vizuri, akaingia majini moja kwa moja mpaka kifuani, mtu ambaye hajui kuogelea. Baba akamkimbilia.

"Nifundishe kuelea," mama akamwambia.

"Legeza shingo. Nimekushika."

Hakulegeza. Akazama, akaibuka akikohoa chumvi, macho mekundu. Baba akataka kumrudisha mchangani. Nami nikaingia, nikamshika mkono.

"Tena," mama akasema.

Akazama tena. Dulla akacheka, baba akacheka, kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. Mama hakucheka, alikuwa kazini. Mara ya tatu akazama, mara ya nne akammwagia baba maji usoni kwa hasira. Mara ya tano tukaondoa mikono yetu polepole, mimi upande huu, baba upande ule, na mama akabaki juu ya maji, macho kafumba, kanga imetanuka pembeni yake.

"Mmeniachia?" akauliza.

"Tumekuachia," baba akasema.

"Basi msinishike."