Fungu la Mashua ya Fakihi

Jeneza lilipokwisha kutuliwa mbele ya safu, katika uwanja wa kambi ya wakimbizi, Adnani aliwageukia watu akauliza kama ilivyo desturi: yeyote aliyekuwa akimdai marehemu baba yake na ajitokeze, ili maiti aende hali deni lake lina mtu wa kulibeba. Dada yake Salme, aliyekuwa pamoja na wanawake nyuma ya ua wa makuti, alitega sikio. Kisha Ghalib akasema, kwa sauti ya upole ya mtu aliyejitayarisha, "Mimi namdai. Deni lajulikana, na rahani yake ni mashua."

"Ni langu," Adnani akajibu upesi. "Lote."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Salme moyoni, maana ndugu yake alikuwa hajauliza deni lenyewe ni kiasi gani.

Marehemu Fakihi alikuwa fundi wa vyombo vya baharini kisiwani Koyama, na mashua ile aliiunda kwa mikono yake. Vita vilipofika pwani ya Kismayo, na watu wenye bunduki wakaanza kuvuka kuja visiwani kuchukua nyavu, mashine na hata milango ya nyumba, aliwapakia jamaa na majirani akaelekea kusini. Ghalib, mfanyabiashara wa Kismayo aliyekuwa amekimbilia kisiwani na fedha zake kiunoni, ndiye aliyewakopesha fedha za unga, maji na mafuta ya mashine. Walipofika Mombasa aliwakopesha tena, kwa sababu Mwanatumu, mke wa Fakihi, aliugua njiani akahitaji daktari. Jambo hilo hakuna aliyelikana.

Lakini Fakihi alipokosa cha kulipa, aliiweka mashua rahani mbele ya mashahidi, na katika fadhaa yake akaongeza neno ambalo hakuombwa: deni lisipolipwa kufikia Idi, chombo ni cha Ghalib. Idi ikaja, ikapita. Ghalib akamkabidhi mashua nahodha Athman, naye Athman akawa akivua nayo, kaskazi na kusi. Fakihi alibaki kambini akichonga miiko ya kuuza, na mpaka kufa kwake hakukubali kushuka pwani, asije akaiona.

Hitima ilipokwisha kusomwa, Ghalib alikuja hemani. Alitandikiwa mkeka, akapewa kahawa, akawapa pole kwa maneno mazuri. Kisha akaweka kikombe chini.

"Chombo ni changu kwa neno la marehemu mwenyewe," alisema. "Hilo mwalijua. Lakini marehemu alichelewa sana, na fedha iliyochelewa huongezeka. Chombo kimefuta deni la kwanza. Nyongeza ingali imebaki. Sisemi mlipe leo, nasema mjue."

"Tutalipa, ami," Adnani akasema, macho yake yako mkekani.

"Nyongeza ya nini?" Salme akauliza.

"Ya kungoja, mwanangu. Fedha zangu zingekuwa zikifanya kazi."

"Na mashua yetu, ami, wakati huo wote ilikuwa imelala?"

Ghalib akacheka, akamgeukia Adnani. "Huyu mtafutie mume upesi, kabla hajafungua ofisi ya uwakili hapa kambini."

Alipokwenda zake, ndugu hao wawili walikaa bila kutazamana. Adnani ndiye aliyeanza. "Roho ya baba imefungwa kwa deni, nawe wabishana na mwenye haki yake. Mimi nitamwachia chombo, na hiyo nyongeza nitaifanyia kazi ya kuchukua mizigo mpaka iishe."

"Nami nataka baba afunguliwe," Salme akasema. "Lakini kwa deni alilokopa, si kwa lile analozushiwa akiwa kaburini."

"Utakwenda kumshtaki wapi? Sisi ni wakimbizi. Mchu asiye na kwao hana korti," akasema, kwa lafudhi ya kisiwani ambayo mtu huitwa mchu.

Mama yao, Bi Mwanatumu, alikuwa amelala akiwapa mgongo, nao walidhani amesinzia. "Nenda kwa kadhi," alisema bila kugeuka. "Kadhi hatauliza mumewe Mwanatumu ni mchu wa wapi. Atauliza ameacha nini."

Salme alikwenda. Mlangoni mwa mahakama nusura arudi, kwa kuwa hakuwa na cheti chochote ila kadi ya chakula ya kambini; lakini karani aliitazama kadi ile, akamwambia kwamba mirathi ya Mwislamu husikilizwa pale, awe mwenyeji au mgeni. Kadhi alikuwa mtu mkavu, asiyependa maelezo marefu. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza jambo moja tu.

"Tangu chombo kuwekwa rahani, nani amekula faida yake?"

Swali hilo lilimrudisha Salme nyuma miaka mingi. Alipokuwa mtoto kisiwani yeye ndiye aliyetumwa diko, huko samaki wanakopakuliwa, na kikapu cha ukindu kupokea fungu la chombo. Kila jahazi na kila mashua ilikuwa na fungu lake katika mavuvi, kando ya mafungu ya mabaharia, na fungu hilo lilikwenda kwa mwenye chombo hata awe mjane asiyejua kuogelea. Kila mtu wa Koyama alilijua hilo. Lakini walipofika ugenini walijiona kama watu waliokwisha kupoteza kila kitu, na chombo kilichowekwa rahani walikihesabu kama chombo kilichozama. Hakuna aliyeuliza habari za fungu lake.

"Ghalib," alisema hatimaye.

"Basi mlete," kadhi akasema. "Na nahodha pia."

Siku ya kusikilizwa, Adnani alifuatana na dada yake kwa shingo upande, akakaa nyuma. Ghalib alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akaeleza yote kwa utulivu, na mashahidi wakathibitisha neno la Fakihi kuhusu Idi.

"Neno hilo alilisema, nalo ni batili," kadhi akasema. "Rahani haigeuki kuwa mali ya mwenye kudai kwa kupita siku. Deni likishindikana, huuzwa kwa bei ya haki, mdai akachukua chake, kinachobaki kikarudi kwa mwenyewe. Na kitu cha rahani ni amana. Je, Fakihi alikupa ruhusa ya kula faida yake?"

"Hakunikataza, Shekhe."

"Sikuuliza hilo."

Kadhi akamwita Athman, akamwapisha, akamwuliza jinsi walivyogawa mavuvi. Nahodha aliivua kofia akaizungusha vidoleni. Riziki yake ilikuwa mkononi mwa Ghalib, na watoto wake walilala katika hema la pili kutoka kwa Salme. Kila aliyekuwapo alilijua hilo.

"Twatoa kwanza chambo, mafuta na chakula," Athman alisema. "Kisha twagawa. Mabaharia, nyavu, na chombo."

"Chombo kilipata fungu lake kila mara?"

"Shekhe, sijapata kuona chombo kikanyimwa fungu. Kwetu hilo hata mwizi halifanyi."

"Ulimpa nani?"

Athman alimtazama Ghalib, kisha akamtazama Adnani kule nyuma. "Nilimpa Bwana Ghalib. Nilidhani ndiye mwenyewe."

"Nani aliyekwambia kuwa ndiye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Kicheko kidogo kilipita mabenchini. Uso wa Ghalib ulibadilika, akasimama. "Mimi si mwizi, Shekhe. Nimeipaka sifa, mafuta yale ya papa, nimeikalafati kuziba nyufa, nimeinunulia tanga jipya. Na watu hawa niliwavusha mimi. Waulize."

"Hakuna aliyekuita mwizi," kadhi akasema. "Gharama zako zitatolewa, na fadhila yako malipo yake yako kwa Mungu. Utalipwa ulichokopesha. Hutalipwa kungoja kwako, maana hiyo ndiyo riba, na mwenye dhiki tumeamrishwa kumngoja mpaka apate wasaa."

Ilichukua vikao kadhaa kulifanyia hesabu jambo hilo, wazee wa Koyama wakikaa pamoja na mchuuzi aliyekuwa akinunua samaki wa mashua ile. Walibishana sana juu ya bei ya nguru, na safari moja walisahau kabisa mashua wakaanza kugombania nani alivua papa mkubwa kuliko wote katika bahari ya kwao huko Darakasi, hata kadhi akagonga meza. Mwishowe ilionekana kwamba mafungu ya chombo yalikuwa yamekula sehemu kubwa ya deni. Lililobaki lilikuwa dogo, nalo lilikuwa la haki. Ikaamuliwa mashua irudi kwa warithi, na baki hiyo ilipwe kidogo kidogo kutoka katika fungu lake.

Adnani akasimama, akauliza kwa sauti ya chini, "Na neno langu mbele ya jeneza? Nilisema lote."

"Nawe timiza," kadhi akamjibu. "Lote ni hili."

Athman alibaki kuwa nahodha, kwa kuwa Salme hakutaka kusikia habari za nahodha mwingine. Kila mashua iliporudi, fungu la chombo lilitengwa kando, naye Salme aliliuza palepale diko, akatoa sehemu ya Ghalib mbele ya macho yake. Mara za kwanza Ghalib alipokea bila salamu. Baadaye akawa anakaa kidogo, akilalamika juu ya udogo wa samaki.

Siku malipo ya mwisho yalipotimia, ilikuwa Ijumaa. Adnani alimwomba jambo moja, naye Ghalib, baada ya kufikiri, akakubali. Sala ilipokwisha, alisimama katika uwanja uleule wa kambi akawaambia watu, "Fakihi wa Koyama simdai. Si yeye wala watoto wake." Nyuma ya ua wa makuti Bi Mwanatumu, aliyeletwa akiwa ameshikwa mkono, alisikia kila neno, akamwambia binti yake sasa amrudishe akalale.

Kesho yake mashua ilirudi na mavuvi mazuri. Salme alichagua nguru mmoja katika fungu, akampelekea Ghalib mwenyewe, amemfunga kwa ukindu. Ghalib akamtazama samaki kwa mashaka.

"Hii ni hesabu ya nini tena? Tulimaliza."

"Si hesabu, ami," Salme akasema. "Ni kitoweo."