Mnara wa Kusini Uani

Saa nne asubuhi, baada ya kuloweka ukwaju, Sornam alikaa sakafuni jikoni akaandika daftarini ukurasa wa pili wa safari ya hekalu la Madurai. Wapande behewa la tatu, ndilo lenye feni nzima. Wali wa ukwaju hauchachi siku mbili, wa mtindi uliwe kabla ya kituo cha Dindigul. Viatu wamwachie muuza maua wa mlango wa kusini. Yule wa mashariki ana domo. Hekaluni waingie mapema, kabla bwawa halijazingirwa na watu.

Alipoandika neno bwawa, ngazi za mawe zilitokea uani kando ya kisima, maji yakiwa yamefika ngazi ya sita. Sornam alitoka, akaiondoa ndoo isije ikaelea, akarudi kuandika.

Mji mzima wa Pollachi hakuna aliyejua kupanga safari kama yeye. Alishampangia mdogo wake Thangavelu safari tano za Madurai, na yeye hata moja hakwenda. Alifika huko mara moja tu, akiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa, na mwaka uliofuata homa ikamchukua mumewe. Tangu hapo ni mjane, na watu wanaoanza safari ya heri hawatakiwi kukutana na mjane mlangoni, ni kisirani. Kwa hiyo siku ya kuondoka yeye hukaa jikoni, mlango umefungwa, mpaka gari lipinde kona.

Safari hii ilikuwa ya kumtoga masikio Iniya, binti ya Thangavelu. Sornam ndiye aliyemwogesha mtoto huyo kila siku tangu azaliwe. Alitaka kwenda. Alitaka kumwona Mama Minakshi, mungu wa kike wa hekalu hilo la Madurai, na alitaka kuwa karibu na mtoto sindano ikiingia. Jumatatu alilisema waziwazi, huku akimenya vitunguu.

"Wifi, safari hii na mimi nimo."

Vasuki, mke wa Thangavelu, alikuwa anahamisha kamba ya nguo. Tangu Jumapili mnara wa kusini wa hekalu la Madurai ulikuwa umesimama uani, kati ya mnazi na jiwe la kufulia, na ulikuwa unaziba jua.

"Ingekuwa ni mimi peke yangu, ningekubebea na mkoba," alisema. "Lakini watu wana midomo, wifi. Mtoto akija kuugua watasema nini?"

"Watasema anaumwa."

"Eeh, na watasema nani kamletea."

Thangavelu alikuwa analisoma daftari. Alimwuliza dada yake kama behewa la tatu lina choo.

Ijumaa alfajiri Sornam alifunga mlango wa jikoni mwenyewe. Kwao mtu hasemi anaondoka, anasema anakwenda kurudi. "Dada, tunakwenda kurudi," Thangavelu aliuambia mlango.

"Haya. Mtindi kabla ya Dindigul."

Gari lilipopinda kona, alifungua mlango wa nyuma. Sasa hekalu lote lilikuwa limeshafika, minara yote, nguzo zote, na lilikuwa limeingia kidogo shambani kwa jirani. Jirani, Mzee Ponnusamy, alikuwa anamfungua ng'ombe wake.

"Litakaa siku ngapi?" aliuliza.

"Mpaka safari iishe."

"Basi huyu nitamfunga mbele."

Sornam alikoga, akavaa sari safi, akaingia kwa mlango wa kusini. Hapakuwa na foleni. Alisimama mbele ya Mama Minakshi baada ya miaka thelathini na mbili, akalia kidogo, akafurahi sana, akamweleza habari zake zote, na za magoti pia.

Mchana simu ililia.

"Dada, hekalu halipo," alisema Thangavelu. "Pana uwanja mtupu, wauza maua wameuzunguka. Kuhani anasema Mama ametoka, yuko Pollachi kwenye nyumba yenye mnazi uliopinda."

"Yupo. Nimetoka kumwona."

"Mbona hukutuambia?"

"Mlikuwa mnauliza choo."

Walirudi kwa treni ya jioni. Kesho yake asubuhi sonara alikuja na sindano yake ya dhahabu, na mjomba wa mtoto, kaka yake Vasuki, akampakata Iniya mbele ya Mama Minakshi kama inavyotakiwa. Sornam alileta bakuli la manjano ya kupaka masikioni. Vasuki alimfuata hadi kwenye nguzo ya kwanza, macho yake yakiwa chini.

"Wifi, wanataka kuanza."

"Naona."

"Basi ingia jikoni kidogo tu. Si mimi, unajua."

"Najua si wewe. Huwa si mtu yeyote."

Thangavelu alikuwa anautazama mnara. Sornam alimpa Vasuki bakuli, akaingia jikoni, akafunga mlango. Iliuma kama ilivyouma mara zote za nyuma. Akasikia Iniya analia na watu wazima wanababaika.

"Mshikeni kichwa, si mikono!" alisema kupitia mlangoni.

Wakamshika kichwa. Sikio la pili lilipita bila tabu.

Sornam alifuta mikono, akachukua daftari, akafungua ukurasa mpya na kuandika juu kabisa: Rameswaram, hekalu la ufukweni. Kisha akafungua dirisha.

"Mzee Ponnusamy," aliita, "ng'ombe usimrudishe kwanza. Wiki ijayo inakuja bahari."